Siku moja maishani mwangu: daktari wa upasuaji, Mbeya

Saa 11:30 alfajiri. Julai ya Mbeya, maji ya ndoo yanauma meno. Chai ya tangawizi, koti, kofia ya sufu, huyoo.

Saa 1:30 asubuhi. Wodi ya kusafisha damu. Mgonjwa hulala kwenye mashine kwa muda wa saa 4, mara 3 kwa wiki. Mama mmoja wa Tukuyu ananidaka kabla sijamaliza kumwamkia: "Ndizi umekataza, parachichi umekataza, viazi umekataza. Rungwe nikale nini, baba?" Ana haki ya kununa. Ila figo zikigoma, potasiamu ya vyakula hivyo hubaki kwenye damu, na ikizidi husimamisha moyo.

Saa 3. Thieta. Naunganisha ateri na vena, mishipa miwili ya damu, mkononi mwa mgonjwa ili mashine ya kusafisha damu ipate njia. Uzi ni mwembamba kuliko unywele. Naachia kibanio, naweka kidole: ngozi inatetemeka kama simu mfukoni. Hapo ndipo napumua.

Saa 7 mchana. Kazi ngumu kuliko zote, nayo haina kisu. Familia imeleta kijana wa kumpa kaka yake figo, apelekwe Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, wanakopandikiza tangu 2018. Nawatoa wote nje, nabaki naye.

Namweleza habari za Ronald Herrick, aliyempa pacha wake figo kule Boston mwaka 1954, mpasuaji akiwa Joseph Murray. Ronald aliishi na figo moja mpaka 2010. Namwambia siku hizi figo hutolewa kwa matundu madogo na mkato mfupi, na kwamba kaka atawekewa mpya chini ya tumbo, za zamani kwa kawaida zikiachwa palepale.

"Kwa hiyo atakuwa nazo tatu, mimi moja?" Tunacheka. Kisha namuuliza, "Mdogo wangu, umeamua mwenyewe?"

Anatazama mlango. Kimya kirefu.

"Baba mkubwa kasema nikikataa, nisikanyage kwake."

Saa 9 alasiri. Nawaita ndani. Nawaambia kijana hafai kutoa, tutafute mwingine. Sisemi zaidi, na kwenye faili lake maneno yale hayamo.

"Ana ugonjwa gani?" baba mkubwa anauliza.

"Hana ugonjwa, mzee wangu. Hafai tu."

Kijana anafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.