Kwa Treni Hadi Ujiji, Kwenye Hitma ya Babu

Treni ya kutoka Dar es Salaam ikifika Tabora haina haraka. Mabehewa hukatwa hapo, mengine yaende Mwanza, mengine Kigoma, na muda wote huo abiria wanakunywa chai, wananunua asali ya chupa na kuulizana kama behewa lao ni hili au lile. Mimi naishi Tabora, kwa hiyo nilipandia hapo, na dumu la asali aliloagiza Bibi na kanzu iliyopigwa pasi. Arobaini ya Babu ilikuwa imewadia.

Mazishi sikuyawahi. Habari iliponifikia walikuwa wameshatoka makaburini. Ujiji maiti halazwi kumsubiri mjukuu aliye mbali, na katika hilo Babu mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko shehe.

Reli hii Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baba yake Babu, Mnyamwezi wa huku kwetu, aliifuata baadaye kutafuta kibarua, akaoa Muha, akabaki. Babu akakua na Kinyamwezi cha kusikia tu, Kiha cha mamaye na Kiswahili cha Ujiji, halafu akawa karani wa ghala bandarini Kigoma mpaka alipostaafu. Ukarani huo msomaji auweke akilini, maana ndio uliomfanya awe alivyokuwa.

Urambo tuliipita kukiwa bado na mwanga, Kaliua giza limeingia. Hapo wa Mpanda wanaachana na sisi. Ndani ya behewa nilikaa na mzee mmoja mfanyabiashara wa mawese. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akauliza naenda Ujiji kwa nani. Nikamweleza.

"Yule mzee wa sururu?" Akacheka. "Inna lillahi. Alinifukuza makaburini yule."

Kumbe alikwenda kuzika jirani yake, akasimama pembeni na simu sikioni anapanga bei ya madumu. Babu akamfuata na kumwambia mbele za watu, "Kama hukuja kushika chepe, nenda nyumbani. Tukimaliza tutakuletea habari." Mzee alisema hajawahi tena kubeba simu makaburini.

Nilifurahi kuisikia hiyo, kwa sababu tangu msiba utokee kila salamu ya rambirambi ilikuwa inamwita Babu mpole. Babu hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa mtu wa ratiba. Kujitolea kwake kulifanana na zamu ya bandarini. Akisikia kuna msiba mtaani, haulizi marehemu alikuwa nani wala wana ugomvi gani. Anauliza kaburi linaanza kuchimbwa saa ngapi na sanda imenunuliwa au bado. Sururu mbili, machepe, ubao wa kuoshea na masufuria makubwa vilikaa kwenye banda letu, na kila kitu kilichotoka kiliandikwa kwenye daftari, nani kachukua, lini, na kimerudi na hali gani.

Nyumbani napo ni hivyo hivyo. Aliwalea watoto wa ndugu zake wawili pamoja na wake, na kila baada ya magharibi madaftari ya shule yalipangwa mbele yake mkekani. Ijumaa mchana wote tunakula sinia moja. Asiyekuwepo lazima awe ametoa udhuru, na udhuru wa mpira haukukubaliwa.

Nguruka wauzaji wa samaki walikuja dirishani usiku wa manane na beseni kichwani, samaki wa mto na mabwawa ya Malagarasi, waliokaushwa kwa moshi mpaka wakawa rangi ya chai. Nikamnunulia shangazi. Kulipokucha tulikuwa Uvinza, kwenye chumvi. Watu wamechemsha maji ya chemchemi za pale kutengeneza chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mama mmoja bado alikuwa anaiuza vifurushi kwa vifurushi kando ya treni.

Chumvi ndiyo iliyonikumbusha mwaka 2015. Mwezi Mei mwaka huo Warundi walikimbia machafuko ya kwao kwa maelfu, wakajazana Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikaingia. Ikabidi MV Liemba, ile meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924, ifanye kazi ya kuwaleta mjini. Mitumbwi inawatoa ufukweni, meli inawapokea majini, inarudi tena. Wakishuka Kigoma walipokelewa kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupelekwa kambi ya Nyarugusu.

Babu alikuwa mzee tayari, lakini Kiha na Kirundi husikilizana, na mtu wa kutafsiri alihitajika kila kona. Akawa anaondoka alfajiri. Usiku akirudi anavua viatu nje, ananawa kwa sabuni mpaka viwiko, ndipo anaingia. Sisi wajukuu alitupanga foleni akatukaririsha: maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko. Ukizidisha chumvi unamdhuru mtoto. Aliyekosea alirudia. Leo niamshe usingizini nitakutajia.

Kigoma reli inaishia karibu kabisa na ziwa. Nikapanda daladala ya Ujiji kupitia Mwanga, na kabla ya adhuhuri nilikuwa kwenye miembe ya nyumbani, maturubai yamefungwa, pilau iko jikoni, migebuka inakaangwa kwa mawese.

Kisomo kilikwenda vizuri. Watu walijaa hadi barabarani, na wasemaji wakamsifu sana. Bibi alisikiliza, kisha akaniambia nikiwa nampimia asali, "Wanasema hakulala kwa ajili ya watu. Hodi ikipigwa usiku, nani alikuwa anaamka kwanza? Yeye anavaa viatu, mimi natafuta tochi, mimi nachemsha maji ya kuoshea. Sawa, Mungu amrehemu. Lakini na hilo mliandike." Nimeliandika.

Jioni wageni walipopungua, baba mdogo alilitoa lile daftari. Kurasa za mwaka 1996, Wakongo walipokuwa wakivuka ziwa kukimbia vita, zina mistari ya aina moja: "Mwanamume, kutoka ziwani, hana mwenyewe. Sanda: mimi. Sururu zimerudi." Hakuna neno la ziada. Wanaume wakaanza kubishana nani arithi banda na vyombo, kila mmoja akimsukumia mwenzake kwa adabu. Binti wa shangazi, ambaye ni mwalimu, akalichukua daftari mikononi mwa baba mdogo, akaketi, akafungua ukurasa wa mwisho na kupitisha kidole.

"Ba' mdogo," akasema, "hapa kuna sufuria kubwa moja na mfuniko wake. Jina ni lako. Inarudi lini?"