Alama ya 18 kwenye gemu si pambo

Kijana akifanya ukatili, lawama huangukia gemu kwanza. Jamani, tuwe wakweli. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani (APA) kilisema ushahidi hautoshi kuunganisha gemu za mapigano na vitendo vya kikatili. Kilichoonekana ni uhusiano mdogo na ukali kama kufokeana na kusukumana. Huo nao haufai kupuuzwa, na wa kuushughulikia ni mtu mzima aliye nyumbani.

Gemu nyingi hubeba alama ya umri. Ulaya ni mfumo wa PEGI: 3, 7, 12, 16 na 18. Marekani, bodi ya kupanga gemu kwa umri, ESRB, hutumia herufi. M ni miaka 17 na kuendelea. Lakini vizuizi vingi hutegemea akaunti anayochezea mtoto. Mtoto akicheza kwa akaunti ya mzazi, mashine ya gemu humhesabu mtu mzima na kumfungulia kila kitu. Mfungulie yake, andika tarehe yake halisi ya kuzaliwa, weka kikomo cha umri, kisha zuia akaunti mpya au ya mgeni kwa namba ya siri (mwaka wako wa kuzaliwa ataubahatisha siku hiyo hiyo). Mazungumzo ya sauti na wasiojulikana yazime kando, kwa kuwa alama ya umri haipimi matusi ya wachezaji wengine.

Halafu kaa naye anapocheza, muulize kwa nini mhusika wake amempiga risasi yule. Akifoka kila anaposhindwa, punguza muda, na mashine izimwe mapema kabla ya kulala.