Tuliwapangia wageni kazi kwa kufuata mwezi: chanja 12 za dagaa mwaloni

Wageni wanaotaka kuja kujitolea huku Kanda ya Ziwa huuliza kuhusu malaria, intaneti na kama ziwani kuna mamba. Hakuna anayeuliza mwezi mpevu ni lini, na kwa kazi yetu hilo ndilo swali la kwanza.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri au za sola zinazoelea majini, na dagaa huifuata ile nuru. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linang'aa, taa haina ujanja. Wavuvi hupandisha mitumbwi, hushona nyavu, wengine hurudi makwao. Kwa siku nane hadi kumi mwalo, yaani ufuko wa kupokelea mitumbwi, unalala. Mgeni wa wiki mbili akiangukia hapo ataondoka na picha za machweo tu.

Mwaka 2025 nilipangia kazi wageni wanne kutoka Ulaya kwa wiki sita, katika mwalo mmoja wa wilaya ya Magu, mkoani Mwanza, Tanzania, pamoja na kikundi cha akina mama wachakataji. Kazi ilikuwa kujenga chanja, yaani meza ndefu za nguzo na wavu za kuanikia dagaa, ili tuache kuanika mchangani. Mwezi ulikuwa mpevu tarehe 11 Juni na 10 Julai, giza nene likawa tarehe 25 Juni. Kwa hiyo wageni walifika Jumamosi ya tarehe 7 Juni: siku tatu za kuzoea, kisha mbalamwezi ya kwanza kujenga chanja sita, giza lote kuanika na kupima, mbalamwezi ya pili kujenga sita nyingine baada ya kuona makosa. Juni pia ni kiangazi huku. Masika ya Machi hadi Mei yameisha, vuli ya Oktoba bado iko mbali.

Karatasi tulizianza Februari. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, hata kama huyo mtu halipwi senti. Wanaojitolea huombewa kibali cha ukaazi Daraja C, na maombi hufanywa kwa mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Kikundi chetu ni cha kijijini, hivyo tulipitia shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002. Barua ya mwaliko na nakala ya cheti cha usajili zikatoka kwao. Kinachokwamisha maombi mara nyingi ni kitu kidogo: jina la katikati lipo kwenye pasipoti, kwenye barua halipo. Mwombe mgeni akutumie picha ya ukurasa wa pasipoti, unakili jina herufi kwa herufi. Mwambie pia mambo mawili kabla hajafunga begi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, hata ile ya kufungia viatu. Na akipitia Kenya au Uganda akakaa zaidi ya saa 12, cheti cha chanjo ya homa ya manjano kitaulizwa.

Wanne walitosha. Kila mgeni alikaa na familia moja na kufanya kazi ubavuni mwa mama mmoja wa kikundi, na mafundi wawili wa kijijini walilipwa ujira wao kama kawaida. Sikubali mgeni achukue nafasi ya fundi anayelisha watoto kwa msumeno wake. Mgeni hushika upande wa pili wa fito, hupima, huandika. Na mkipanga muda, semeni saa za Kiswahili na za kwao kwa pamoja. "Saa moja asubuhi" iliwahi kunigharimu asubuhi nzima.

Mahali pa chanja panahitaji ruhusa ya serikali ya kijiji na ya BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo tulipima kwa futikamba na kurudi nyuma ya mstari huo, ingawa mama mmoja alilalamika kwamba tunamwongezea safari ya kubeba beseni kichwani. Alikuwa na haki. Tulimpatia toroli. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu. Panga chanja ubavu wake mrefu ukitazama ziwa ili upepo upite chini na juu ya wavu kwa urefu wote. Ukiziweka kichwa kwa ziwa, zile za nyuma hupata hewa iliyokwisha kushiba unyevu wa za mbele.

Chanja moja ina urefu wa mita 10 na kimo cha mita 1. Nguzo ni mikaratusi minene kama kifundo cha mkono, urefu mita 1.5, nusu mita inaingia ardhini. Ziko jozi sita, jozi kila mita 2, yaani nguzo 12. Ncha ya chini tunaichoma motoni mpaka nje iwe mkaa. Hupunguza kasi ya mchwa, haiwamalizi. Oili chafu ya magari ingewazuia zaidi, lakini mvua ikinyesha inashuka ziwani, na maji hayo ndiyo tunayokunywa. Juu ya nguzo hupita fito mbili ndefu, na kila jozi ina fito ya kukingama. Nusu kilo ya misumari ya nchi 4 inatosha chanja moja na kubaki kidogo.

Chanja sita za kwanza tulizijenga kwa upana wa mita 1.5, kwa sababu wavu uliuzwa kwa upana huo na tuliona uchungu kuukata. Kosa. Mama akisimama pembeni mkono haufiki katikati, na dagaa wa katikati hawageuzwi. Sita za pili zina mita 1.2, wavu unaobaki unakunjwa na kupigiliwa chini ya fito, na mkunjo huo umeufanya usichanike upesi. Kosa la pili lilikuwa kutandika wavu bila kitu chini yake. Siku ya kwanza ulikaza kama ngoma. Siku ya tatu ulikuwa umebonyea, dagaa wamejikusanya bondeni tabaka tatu, wa juu wamekauka, wa chini wanatoa harufu. Sasa tunapitisha kamba nne za nailoni kutoka mwisho hadi mwisho, tunazikaza, ndipo wavu unakuja juu. Kwa chanja moja nunua mita 50 za kamba. Kosa la tatu ni nguzo za mwisho: zinavutwa na mkazo wa wavu na kuinama kuelekea ndani, hasa penye mchanga laini. Kila kona ikapata mhimili wa mshazari.

Wavu wenyewe ni ule mweusi wa plastiki unaouzwa kwa mita, wenye matundu ya milimita 4 hivi. Wavu wa kuku wa chuma una matundu makubwa, tena unashika kutu na kutu inahamia kwa dagaa. Chandarua chenye dawa usikitumie kabisa, hata kama kimechakaa. Kimetiwa sumu ya wadudu, na hao dagaa wanakwenda sahanini.

Uanikaji ndio sehemu wageni waliyosaidia kuliko yote, kwa sababu walikuwa na subira ya kupima. Mitumbwi huingia kati ya saa 11 alfajiri na saa 1 asubuhi. Dagaa wanaoshwa kwa maji safi, wanachujwa kwenye kapu dakika kumi, wanamwagwa tabaka moja. Kwa mizani yetu tabaka moja ni kama kilo 3 za dagaa wabichi kwa mita moja ya mraba; chanja pana hubeba kilo 45, nyembamba kilo 36, na zote 12 karibu kilo 486. Mama wengi walitaka kuongeza. Siku moja tuliwaacha wajaze chanja moja mara mbili, nyingine ikabaki na kilo zake. Saa 10 jioni ile ya kilo zake ilikuwa tayari, ile iliyojazwa ilibidi ilale, na kesho yake rangi ya fedha ilikuwa imegeuka manjano. Hakuna aliyehitaji semina baada ya hapo.

Dagaa hugeuzwa saa 4 na saa 7, kwa mkono mkavu. Kujua kama wamekauka, chukua mmoja mkubwa kuliko wenzake, umkunje karibu na kichwa. Akivunjika kwa mlio, sawa, akipinda, bado. Konzi nzima ikitikiswa inapaswa kuchakacha kama njugu. Wakitoka juani waache kivulini saa nzima kabla ya kuingia guniani. Wakifungwa wangali moto, gunia linatoa jasho kwa ndani na baada ya siku nne utakuta ukungu. Karibu kilo 4 za wabichi hutupa kilo 1 ya wakavu.

Mvua ya ghafla si ajabu hata kiangazi. Kila chanja mbili zina turubai moja, limefungwa upande mmoja, ili mtu mmoja aweze kulivuta peke yake. Lakini turubai lisikae usiku kucha juu ya dagaa wenye maji, wanachemka. Yangeyange na kunguru ni vita vingine. Tulifunga utepe wa kaseti za zamani juu ya chanja, ukawa unametameta na kuvuma kwa upepo. Ulifaa siku tano, ndege wakauzoea. Mtoto mwenye fimbo anafaa zaidi, ila mtoto ana shule.

Upande wa afya, tishio lililo karibu zaidi mwaloni ni kichocho, si mamba. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi na kupenya ngozi yako umesimama unaosha beseni. Wageni walikatazwa kuingia majini, na wakati wa kupokea dagaa walivaa mabuti ya mpira yanayofika gotini. Maji ya kuoga yalikaa kwenye tangi lenye mfuniko kwa saa 48 kabla ya kutumika, kwa sababu vimelea hivyo vikikosa mwili wa kuingia hufa ndani ya muda huo, mradi konokono hawamo tangini. Ya kunywa yalichemshwa. Wakirudi kwao wasubiri wiki sita hadi nane tangu waguse maji ya ziwa mara ya mwisho ndipo wapime, kwani wakipima mapema kipimo kinaweza kudanganya. Chandarua na dawa ya kinga ya malaria si hiari.

Fedha ziliniumiza kichwa kuliko nguzo. Mgeni akimpa mama mmoja noti, kesho yake kumi wako mlangoni na wawili hawasalimiani. Utaratibu wetu: chakula na malazi hulipwa kwa mwenyeji kila Jumamosi, kiwango kimoja kwa familia zote nne, anasaini daftarini. Zawadi yoyote inaingia kwenye sanduku la kikundi na kuandikiwa stakabadhi. Peremende kwa watoto, hapana. Picha, uliza kwanza. Za watoto, mzazi awepo. Mgeni mmoja alinuna kwa sheria ya peremende, akaielewa alipoona watoto wa mwalo wa jirani wanavyokimbilia kila gari wakinyoosha mikono.

Lugha walifundishwa na mama zao wenyeji. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ilifungua milango kuliko kitambulisho, na "shikamoo" kwa wazee. Chakula kilikuwa ugali, sato, dagaa, na jioni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku mbili za kwanza uwape wali, tumbo lizoee maji.

Wateja waliona tofauti bila kuambiwa. Dagaa wa mchangani, mtu akitafuna husikia kokoto, na mzigo mwingi wa namna hiyo huishia kwenye chakula cha kuku. Wa chanja tuliwapeleka soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza, ambako wanunuzi hutoka hadi Kongo, na huko dalali huingiza mkono guniani mpaka chini, hunusa, halafu husugua kiganja kwenye suruali. Kiganja kikitoka bila mchanga, bei inaanzia kwingine.

Wageni waliondoka tarehe 19 Julai, giza jipya likianza kuingia. Kufikia Septemba nguzo saba zilikuwa zimeliwa na mchwa, zote za chanja za kwanza, ambazo ncha zake zilichomwa kwa haraka. Tulibadilisha kwa saa tatu. Nyavu ziko sawa, kamba zinahitaji kukazwa kila mwezi.

Mwaka 2026 mwezi unakuja vingine: mpevu 31 Mei, kisha usiku wa 29 kuamkia 30 Juni, na giza nene 15 Juni. Anayetaka kujenga nasi kabla ya kuanika afike kati ya 26 na 28 Mei. Akifika tarehe 10 Juni atakuta dagaa tele, chanja zimejaa, na hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha kupiga msumari.