Nilivyofanikiwa kuwapiga mswaki mbwa na paka wangu hapa Uyole

Bosi ni mbwa wa kienyeji tu, analinda nyumba hapa Uyole, na paka wetu anaitwa Mgeni maana alikuja mwenyewe na hakuondoka tena. Kilichoniingiza kwenye haya mambo ya meno ni harufu, yaani Bosi akikuhemea usoni unageuka, alafu nikaona ugali anautafuna upande mmoja huku kichwa kakilaza, matonge yanamdondoka. Nikamfunua mdomo kwa pembeni, kumbe lile gego kubwa la juu karibu na shavu limeshika ukoga wa kahawia mgumu kabisa na ufizi umevimba mwekundu. Mbele meno meupe, ndo maana hakuna aliyeshtuka.

Daktari wa mifugo akaniambia, "Dada, hapo mswaki hautoi kitu." Ukoga ukiwa laini unafutika, ila ukiachwa siku mbili tatu unaanza kushikana na madini ya kwenye mate unakuwa kama jiwe, na hilo linakwanguliwa kwa vyuma mbwa akiwa amelala, sababu uchafu unaoumiza zaidi uko chini ya ufizi na hakuna mbwa atakayetulia macho wazi umchokonoe huko. Basi akapigwa sindano ya usingizi, akakwanguliwa, na jino moja lililokuwa linacheza likang'olewa. Hela ilinitoka aisee.

Sasa ili nisirudi kulipa tena ndo nikaanza mswaki. Mwanzoni hata mswaki sikushika, nilikuwa namgusa tu midomo jioni kabla hajala, akitulia anapewa kipande cha nyama, baadae nikazungushia kidole kitambaa laini chenye maji nikawa nafuta meno, alipozoea ndo nikanunua mswaki wa mtoto wenye nywele laini pale Mwanjelwa. Nasugua upande wa nje tu, ule unaogusa shavu, maana ndani ulimi unasaidia kusafisha na ukilazimisha kumpanua mdomo unaanzisha ugomvi. Bibi jirani akiniona anacheka mpaka anashika kiuno, "Mjukuu wangu, wewe mwenyewe umepiga leo?"

Dawa ya meno ya binadamu usiweke kabisa. Mbwa hatemi, anameza, na nyingine zina zailitoli, ile sukari ya kutengenezwa ambayo kwa mbwa ni sumu, inashusha sukari ya damu ghafla na inaweza kuharibu ini. Kama hujapata dawa ya meno ya wanyama tumia maji tu, kusugua kwenyewe ndo kazi.

Na mifupa, najua huku kwetu mbwa bila mfupa watu wanaona unamtesa. Ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vyenye ncha vinamchoma koo na utumbo, na ile minene ya miguu ya ng'ombe inavunja gego. Mimi kitu chochote cha kutafuna nakibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba, kama hakiachi alama hata kidogo hapewi.

Mgeni ndo alinitoa jasho. Paka ana meno 30 tu, mbwa 42, lakini hayo 30 yanakuja na kucha. Kilichofanya kazi ni kumviringisha kwenye kanga kabaki kichwa, alafu kile kijiti cha pamba cha masikio nakichovya kwenye maji ya dagaa waliochemshwa bila chumvi, anafungua mdomo mwenyewe akidhani analishwa, napitisha kwenye chonge na magego haraka namwachia. Siku akikataa namwacha, paka ukimlazimisha leo kesho akiona kanga tu yuko juu ya dari. Ila paka anayetoka mate, anajikwaruza mdomo au anakisogelea chakula alafu anakiacha, huyo usimsugue, mpeleke kwa daktari. Paka wana ugonjwa wa meno kuliwa kuanzia kwenye mzizi, na kukigusa kijino kama hicho kwa pamba ni kumuumiza bure.