Kadi ya Sh 30,000 na Dirisha la Dawa: Jinsi Tulivyofanikisha Matibabu ya Kudumu ya Mama Yangu

Mama yangu alianguka jikoni mwezi wa tisa mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 64, na tulipomfikisha kituo cha afya cha kata yetu, hapa mkoani Dodoma, kipimo cha shinikizo la damu kilisoma 190 kwa 115. Mganga alimlaza siku mbili, akaandika katika daftari lake kwamba ana shinikizo la juu la damu na dalili za kisukari, akampa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya ili hilo la pili lithibitishwe. Wakati wa kumruhusu alituambia maneno ambayo siku ile sikuupima uzito wake: dawa hizi ni za kila siku, kwa maisha yake yote.

Mimi ni fundi cherehani, na pia ninalima ekari mbili za alizeti. Fedha ya alizeti huingia mara moja kwa mwaka, na ya cherehani huja wakati wa sikukuu na shule zinapofunguliwa, lakini ugonjwa wa mama ulidai fedha kila mwezi. Miezi ya mwanzo tulinunua dawa famasi ya mjini, na ukijumlisha na nauli tulikuwa tukifika Sh 20,000 kwa mwezi. Mwezi Januari, ambao kwetu ni mwezi wa njaa, nilimkuta na pakiti ambayo kwa hesabu yangu ilipaswa kuwa imekwisha, nayo ilikuwa na vidonge zaidi ya nusu. Nilipomuuliza alinijibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nilikuwa nazivutavuta zifike mwezi ujao." Alikuwa akimeza siku moja na kuruka mbili. Ndipo nikatambua kwamba dawa iliyo ghali haimwachi mgonjwa bila tiba tu, bali humfundisha kuificha hali yake hata kwa mtoto wake.

Wakati huo CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii kwa utaratibu mpya, ilikuwa imeanza mwaka 2018. Mfuko huo wenyewe si mgeni, kwani ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001, baada ya serikali kuanzisha uchangiaji wa gharama za matibabu mwaka 1993 na kuonekana kwamba watu wa vijijini wanashindwa kulipa papo kwa papo. Ila kadi ya zamani ilitumika katika kituo ulichojiandikishia tu. Hii mpya, kwa Sh 30,000 kwa mwaka, ilihudumia kaya ya watu sita kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, mradi ufuate ngazi na uwe na barua ya rufaa. Afisa mwandikishaji alikuja nyumbani na simu yake, akatupiga picha mmoja mmoja, akaingiza majina na kutupa kadi.

Jirani yetu mmoja, mtu mwenye nia njema, alinishauri nisitoe fedha hiyo, kwa kuwa mama amevuka miaka 60 na sera inawapa wazee wasiojiweza matibabu bila malipo. Alisema kweli, na mzee yeyote anayestahili msamaha huo anapaswa kuudai bila kuona haya. Lakini nilikuwa na watoto watatu ndani ya nyumba, na baadaye nilikuja kuelewa jambo jingine: mzee anapotibiwa kwa msamaha, dawa inatoka stoo lakini hakuna fedha inayorudi kituoni kuijaza nafasi yake, ilhali mwenye kadi akitibiwa kituo kinaandika madai na kulipwa. Msamaha unamfungulia mzee mlango, ila rafu ya dawa lazima ijazwe na mtu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa kuipata Sh 30,000 kwa mkupuo. Tulilijadili katika kikoba chetu cha wanawake 22, na tukakubaliana kila mmoja aweke Sh 600 kila wiki katika mfuko wa pembeni, usiokopeshwa wala kuguswa kwa shughuli nyingine, ambao kwa wiki 50 unatimiza kiasi kamili. Mhazini alishona mfuko wa kitambaa cha kijani ili usichanganyike na fedha za hisa. Tulipanga pia kadi zote zihuishwe mwezi wa saba, alizeti ikiwa imeshauzwa, ili yule aliyepungukiwa wiki kadhaa aweze kujazia. Wenzetu wengi waliolipa Februari mwaka wa kwanza walishindwa kuhuisha Februari iliyofuata, si kwa sababu hawakuiona faida ya kadi, bali kwa sababu Februari ndani ya nyumba hakuna kitu.

Hivyo kadi nikawa nayo, na nikadhani kazi imekwisha. Mama alikwenda kituoni na daftari lake, akapimwa, akaandikiwa amlodipini ya shinikizo na metfomini ya kisukari, akaenda dirishani. Aliyekuwa dirishani alisoma, akachora mstari chini ya majina yale mawili na kuandika pembeni "H/S", yaani hakuna stoo, kisha akamwelekeza akanunue nje. Mwezi uliofuata ikawa hivyohivyo. Mwezi uliofuatia huo alipata metfomini ya siku kumi. Kufikia mwisho wa mwaka 2019 nilikuwa nimelipa bima na bado ninalipa famasi, na katika kikoba wanawake walianza kuniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini niliwashawishi.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 uongozi wa kata ulitangaza nafasi za Kamati ya Usimamizi ya Kituo, na wale wanawake walionihoji ndio walionipigia kura kuwa mwakilishi wa watumiaji wa huduma. Niliingia nikiwa na hasira, nikiamini kwamba dawa zinaibwa. Ninaandika hili waziwazi kwa sababu watu wengi wa vijijini huingia katika kamati hizi na shutuma hiyohiyo mdomoni, na wahudumu nao hujifunga, na mwaka unapita bila lolote kufanyika. Mzee mmoja aliyekuwa mjumbe wa muda mrefu alinishika mkono baada ya kikao cha kwanza akaniambia, "Binti yangu, omba kwanza uone leja."

Niliiomba. Mganga mfawidhi hakusita. Alituletea leja ya stoo na taarifa za fedha, nasi tukazisoma kwa siku mbili. Wizi hatukuuona. Tuliona mambo mawili mengine. La kwanza, kila mara kituo kilipoagiza dawa Bohari ya Dawa, bohari ya serikali inayosambaza dawa vituoni, baadhi ya vitu, zikiwamo dawa za shinikizo la damu, vilirudi na taarifa kwamba havipo, na hapo mambo yaliishia. La pili, fedha ya CHF iliyokuwa ikiingia katika akaunti ya kituo ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na idadi ya wenye kadi waliokuwa wakitibiwa.

Tulianza na hili la pili. Tuliomba kuona fomu za madai, na mganga mfawidhi akakataa, akasema zina siri za wagonjwa na mjumbe wa kamati hana ruhusa ya kuzisoma. Siku ile nilikasirika. Leo namshukuru, maana ningependa siri ya mama yangu nayo ilindwe vivyo hivyo. Badala yake alituandikia idadi tu: fomu zilizojazwa, zilizotumwa, zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Zilizokataliwa zilikuwa nyingi, na sababu zilikuwa ndogondogo za kuumiza moyo, namba ya kadi iliyokosewa tarakimu moja, sahihi ya mgonjwa iliyosahaulika, tarehe isiyosomeka. Nesi aliyekuwa akijaza alikuwa peke yake katika chumba cha wagonjwa wa nje, na asubuhi za siku ya gulio alihudumia foleni iliyofika hadi kwenye mwembe. Hakuna mtu mwenye nia mbaya humo. Mtu mmoja alikuwa na kazi ya watu watatu.

Kamati iliomba, na kituo kikakubali, kumlipa posho kijana aliyemaliza kidato cha nne, ambaye alikula kiapo cha kutunza siri na kufundishwa kukagua namba za kadi mapokezi, kabla mgonjwa hajamfikia nesi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zimekuwa zikiingia moja kwa moja katika akaunti ya kituo bila kusubiri halmashauri, kwa hiyo uamuzi wa namna hii uliwezekana kufanyika palepale, ukaingizwa katika mpango wa mwaka na kuidhinishwa. Sisi wa kikoba tulifanya la kwetu: tulipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu kwamba kutia sahihi au dole gumba kwenye fomu si urasimu, ndiko kunakoirudisha fedha yao kituoni.

Kuhusu dawa zinazokosekana Bohari, jibu lilikuwapo muda mrefu, tena lilizaliwa hapahapa kwetu. Mfumo wa Mshitiri, unaoitwa Jazia, ulianza kwa majaribio mkoani Dodoma mwaka 2014, na mwaka 2018 ukasambazwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara. Mkoa unamteua kwa zabuni muuzaji mmoja wa dawa, ambaye ndiye anayeitwa mshitiri, bei zinajulikana na kuandikwa katika mkataba, na kituo kikikosa dawa Bohari kinaruhusiwa kuagiza kwake baada ya kibali cha halmashauri. Uzuri wake si bei tu. Zamani kila kituo kilipopungukiwa kilinunua kwenye duka lolote lililo karibu, na nani angejua dawa ile ilihifadhiwa wapi na kwa muda gani? Muuzaji wa zabuni anakaguliwa, na asipoleta anahojiwa. Kituo chetu hakikuwa kikiutumia mfumo huu kwa sababu akaunti ilikuwa tupu, na akaunti ilikuwa tupu kwa sababu ya fomu zile. Mambo mawili tuliyoyaona katika leja yalikuwa jambo moja.

Shehena ya kwanza kutoka kwa mshitiri ilifika Alhamisi moja mwaka 2021, ndani ya gari dogo, nami nikaitwa kushuhudia mapokezi pamoja na mjumbe mwingine. Tulisimama katika chumba cha stoo chenye dirisha moja, mfamasia msaidizi akifungua boksi moja baada ya jingine, akisoma jina la dawa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, nami nikilinganisha na ankara kwa kalamu. Boksi moja la amlodipini lilibakiza miezi minne kuisha muda wake. Nilidhani tutalipokea tu kwa kuwa tumeisubiri sana dawa hii, lakini aliliweka kando, akaandika idadi na sababu kwenye ankara, na dereva akaondoka nalo. Alinieleza kwamba kwa kasi ya matumizi yetu lisingemalizika kwa wakati, na mwishowe ama tungeliteketeza ama kuna mgonjwa angepewa kidonge kilichopitwa na muda. Kisha akapanga zile zinazowahi kuisha mbele na zinazochelewa nyuma, akajaza kadi ya kila rafu, nasi tukatia sahihi.

Jumatatu yake mama alikwenda kwa miguu yake, akasubiri katika foleni ya wazee, akarudi na vidonge vya siku 30 vya kila aina, bila kutoa hata shilingi. Tangu hapo shinikizo lake limekuwa likiandikwa katika daftari kila mwezi, na mara nyingi linakuwa chini ya 140. Mara moja, mwaka 2022, macho yalipoanza kumsumbua, alipewa barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya na kisha ya mkoa, na kadi ileile ilikubaliwa kote. Tulichogharamia ni nauli na chakula.

Wanaoanza safari hii huniuliza waanzie wapi. Huwaambia wahesabu kwanza vidonge vya mgonjwa wao nyumbani, halafu waulize katika kituo chao madai mangapi yamekataliwa mwezi uliopita. Swali hilo la pili halimtuhumu mtu, na linajibika kwa namba.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na katika kikoba tumeshaanza kuzungumza namna ya kuupanga upya mfuko wa kijani, kwa kuwa michango na utaratibu vinabadilika. Juzi tulipokagua stoo, metfomini ilikuwa imebaki makopo mawili na Bohari wametujibu kwamba haipo. Fomu ya kuomba kwa mshitiri tumeitia sahihi jana jioni, na mfamasia wa wilaya ameahidi kibali kabla ya Ijumaa; mama ana vidonge vya siku kumi na moja.