Dogo katoka makao, kapata chuo, likizo anaenda wapi?

Matokeo ya form six yakitoka simu yangu haipoi. Madogo wa makao ya watoto niliyokulia hapa Mbeya wananipigia, dada nimefaulu, dada nimechaguliwa chuo cha Mkwawa kule Iringa, dada mambo ya mkopo wa chuo inakuwaje. Nafurahi sana jamani maana najua walikotoka. Ila naandika hii kwa ajili yao na walezi wao, kwa sababu watu wakisikia yatima kapata mkopo wanaona basi yameisha, na mimi niliyepita huko nasema ada siyo inayotuangusha, inayotuangusha ni ile miezi ambayo hakuna ofisi inayokuhesabu kuwa mtu wake.

Kwanza makaratasi. Bodi ya Mikopo inawapa yatima kipaumbele, hilo kweli kabisa, lakini uyatima unauthibitisha kwa cheti cha kifo na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, wakihakiki, cha kuzaliwa vilevile. Sasa sisi wa makao hatufanani, kuna ambaye wazazi walizikwa kijijini huko Rungwe na hakuna ndugu aliyeenda kuandikisha, kuna aliyeokotwa stendi akiwa mchanga kabisa, huyo cheti cha kifo cha nani akipeleke? Mlezi usisubiri dirisha la maombi lifunguke ndio uanze kukimbizana, nenda kwa afisa ustawi wa jamii dogo akiwa bado form five, faili lake la kupokelewa makao litafutwe, vifo viandikishwe kule ofisi ya mkuu wa wilaya. Mimi vya wazazi wangu vilishughulikiwa mapema na mama mlezi na ndiye huyo huyo aliyesaini kama mdhamini wangu, Mungu ambariki, maana ndugu niliowafuata waliogopa kusaini wakidhani deni litawarudia wao. Na dogo kama kapiga sayansi vizuri sana aangalie na Samia Scholarship, ile ni ufadhili wa serikali, siyo mkopo.

Halafu kuna hili la miaka 18. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ukifika hapo siyo mtoto tena, na makao yana foleni ya wadogo wanaosubiri kitanda, siwalaumu. Mtihani unaisha mwezi wa tano, chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi au zaidi, wengine mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yanawabeba kidogo hapo katikati, wengine wanaishia kuosha vyombo kwa mama ntilie Kabwe ili walale jikoni, na hao ndio tunategemea wafike chuo na shuka, ndoo, nauli ya Iringa na hela ya kula mpaka bumu litoke, yaani ile hela ya kujikimu ya mkopo.

Bumu lenyewe ni 10,000 kwa siku, chakula na malazi humo humo. Ukikosa hosteli mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, mwenzako anampigia mjomba, wewe unampigia nani?

Lakini likizo ndio ngumu kuliko yote jamani. Bumu linahesabu siku za masomo, sasa likizo ndefu ikifika hosteli zinafungwa, wenzako wanapakia mabegi wanaelekea Njombe, Songea, Tukuyu, wanakuuliza wewe unaenda lini na unajibu kesho kutwa huku huna hata pa kwenda. Mimi nilikuwa narudi makao nalala na watoto wadogo chumba kimoja kwa huruma ya mama mlezi tu, hakuna utaratibu wowote uliosema nina haki hiyo. Kuna rafiki yangu alilala kwa mwanaume asiyempenda likizo nzima kwa sababu kule kulikuwa na paa, na hii siandiki kumsema vibaya, naandika kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

England kijana aliyelelewa na serikali akiingia chuo kikuu halmashauri yake inampa pauni 2,000 juu ya mkopo wa kawaida, na ana haki ya kuwa na mshauri wake mpaka afike 25. Najua sisi siyo matajiri kiasi hicho. Ila huyo mshauri, yaani mtu mmoja mwenye jina na namba ya simu ambaye kazi yake ni kujua dogo amelala wapi mwezi wa nane, sioni kwa nini halmashauri zetu zishindwe, maafisa ustawi tunao, waongezwe tu na wapewe hela ya nauli.

Na nyie wenye vyumba vinavyokaa vitupu Iringa, Uyole, Iyunga, makanisa yenye hosteli za wageni, misikiti, msisubiri serikali. Nendeni makao yaliyo karibu yenu muulize nani yuko chuo mwaka huu na likizo anafikia wapi. Mama walezi wana majina yote kichwani, watawatajia hapo hapo.