Kakao Iko Wapi?

Jumapili, saa nne kasoro usiku. Vyombo vyote vimeoshwa isipokuwa kinu. Nimekiacha nje kwenye ngazi ya jikoni kwa sababu kila nikikisugua, harufu ndiyo kwanza inapanda. Acha kikae hapo hadi kesho.

Wiki hii nyumba yetu ya Tabata ina mabibi wawili. Watoto wamewapa majina ili wasiwachanganye: Bibi Kyela ni mama yangu, Bibi Tanga ni mama mkwe wangu. Mama amekuja kutibiwa macho. Mama mkwe amekuja "kuwaona wajukuu", maana yake amesikia mkwe mwenzake yupo Dar naye hataki kupitwa. Chumba kimoja, vitanda viwili, redio moja. Nilijua ugomvi utatokea. Sikujua kwamba utakuwa ugomvi wa sukari.

Yote yalianza jana. Shule zimefungwa, joto la Desemba mnalijua, watoto wanafungua friji kila dakika kumi kana kwamba kuna mtu ameongeza kitu humo. Nikawaambia tutengeneze vidonge vya chokoleti, vile visivyohitaji hata jiko. Unachukua pakiti ya biskuti za kawaida za chai, unaziponda ndani ya mfuko kwa kusukumia chupa mpaka ziwe kama sembe. Unatia vijiko vitatu vya unga wa kakao, chumvi kidogo mno, halafu maziwa mazito ya kopo kidogo kidogo mpaka donge lishikane. Unapaka siagi viganjani, unafinyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu changa, unavigaragaza kwenye nazi kavu, vinakaa friji nusu saa. Ndiyo hivyo tu. Mwanangu mdogo wa miaka sita alifinyanga saba akala vitano, na vile viwili vilivyobaki vilikuwa na alama za meno.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, jicho moja limefunikwa bandeji. Tukampelekea kimoja kwenye kisahani. Akakitafuna taratibu, kama mtu anayehofia jiwe kwenye wali.

"Kitamu," akasema.

Nikafurahi.

"Ila mwanangu, kakao iko wapi?"

Nikamwonyesha kopo. Akalinusa, akalinusa tena, akalirudisha mezani bila neno. Ile namna yake ya kurudisha kitu bila neno naijua tangu utoto; ndivyo alivyokuwa akirudisha nguo niliyofua vibaya. Nikamweleza kwamba unga huu hutengenezwa kwa kukamua mafuta ya kakao kwanza, kinachobaki ndicho kinachosagwa na kutiwa kwenye makopo.

"Kwa hiyo haya ni mashudu," akasema.

Sikuwa na jibu. Kwa kweli ni mashudu. Miaka yote hii nawalisha wanangu mashudu kwenye maziwa na kujiona mama wa kisasa.

Akaingia chumbani, akatoka na fundo la kitenge. Ndani mna mbegu za kakao kavu, kama kilo mbili hivi, amesafiri nazo kwenye basi zaidi ya kilomita 900 bila kuniambia. "Hizi si za mnada," akasema kabla sijauliza. "Hizi ni zangu."

Lazima nieleze kidogo, maana wengi wenu mkisikia Kyela mnawaza mchele tu. Kule kwetu, chini ya milima ya Rungwe, tambarare inayoshuka hadi Ziwa Nyasa, mvua ni nyingi na udongo haukauki. Kakao inapenda hivyo. Imepandwa katikati ya migomba, kivulini, na matunda yake hayaning'inii kwenye matawi membamba kama maembe. Yanachomoza kwenye shina lenyewe, kama mafenesi. Tunda moja lina mbegu 30 hadi 40, zimevikwa utelezi mweupe wenye utamu uliochanganyika na uchachu. Sisi watoto tulikuwa tunamumunya ule utelezi na kutema mbegu kwenye ndoo. Ukitafuna mbegu yenyewe ikiwa mbichi utajuta, ni chungu na inakausha ulimi. Kwa hiyo mimi nimekulia ndani ya chokoleti na sikujua.

Kazi ya mama ilikuwa kuvundika. Matunda yanapasuliwa kwa rungu, si panga, kwa sababu panga inakata mbegu. Mbegu na utelezi wake vinaingia kwenye sanduku la mbao, vinafunikwa kwa majani ya mgomba, vinakaa siku tano, sita, wakati mwingine saba, na katikati hapo unazigeuza. Zinapata joto zenyewe. Mama alikuwa anatumbukiza mkono hadi kiwiko, anafumba macho, kisha anasema "bado" au "tayari". Hakuwahi kuwa na kipimajoto. Baada ya hapo zinaanikwa juani, na ole wako mvua ikukute umelala. Nimekurupushwa usingizini na kelele za "kakao! kakao!" mara nyingi kuliko nilivyoamshwa kwenda shule.

Wapo wanaouza mbichi, kwa haraka, kwa sababu ada ya mtoto haisubiri siku saba. Mama hakuwasema vibaya hata siku moja, ila zake alivundika. Siku hizi mzigo unapita chama cha ushirika, stakabadhi ghalani, kisha mnadani. Mwaka 2024, mavuno yalipokuwa mabaya Ghana na Ivory Coast, ambako hutoka zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, bei ya tani moja ilipita dola 10,000. Mwaka ule watu walilala shambani na tochi kulinda matunda. Mama aliezeka nyumba. Mwaka uliofuata bei ikashuka na tochi zikarudi ndani.

Basi, leo baada ya kanisa tukaanza.

Kwanza kuchambua. Mama aliwakalisha wajukuu kwenye mkeka, akawaambia watoe zilizobapa, zilizoshikana na zenye ukungu. Binti yangu mkubwa akauliza utajuaje ya ndani. Mama akachukua moja, akaikata kati kwa kisu, akamwonyesha: kahawia, na mipasuko kama ubongo mdogo. "Ukikuta zambarau, mwenye nayo alikuwa na haraka." Wakaanza kukata kila mbegu kutafuta zambarau, ikabidi nichukue kisu.

Tukakaanga kwenye sufuria kavu, jiko la mkaa, moto mdogo, tunageuza bila kuacha kama karanga. Baada ya dakika ishirini hivi zikaanza kualika, tik, tik. Na hapo ndipo harufu ilipotoka. Siwezi kuwaelezea vizuri. Jirani wa nyuma, ambaye hajanisalimia tangu mambo ya maji taka, alichungulia ukutani akauliza tunaoka keki gani.

Zikipoa kidogo ganda linatoka kwa vidole. Kisha ungo. Huyu mama mwenye jicho moja alisimama uani akapepeta, maganda yakaruka kwenye upepo, chenga nyeusi zikabaki, hata moja haikudondoka. Watoto walikaa kimya. Nadhani walikuwa hawajui kwamba bibi yao ana ufundi. Wao wanamjua kama mtu wa kudondoshea macho dawa.

Mimi nikaleta blenda. Nilitaka kuonyesha na mimi nina changu. Ikasaga dakika tatu, ikaanza kutoa harufu ya waya unaoungua, nikaizima. Mama hakusema kitu, alikuwa ameshaazima kinu kwa jirani wa mbele.

Ukitwanga chenga za kakao, kwanza unapata unga. Unaendelea. Unga unaanza kugandamana na mchi. Unaendelea, mkono unauma, unampa mwingine. Halafu ghafla, bila kutia chochote, unaona unang'aa, unalegea, unakuwa uji mzito mweusi. Ni mafuta yake yenyewe yanatoka. Karibu nusu ya ile chenga ni mafuta. Mwanangu wa kati alipiga kelele: "Mama, mmetia maji!" Hatukutia kitu. Mafuta hayo huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti hukaa imara mezani kwa wenye hali ya baridi na kuyeyuka mara tu ikigusa ulimi. Tabata mwezi wa Desemba haihitaji hata ulimi.

Tukatia sukari tuliyoisaga. Bado ilikuwa na chenga chenga kwenye meno. Viwandani wanasaga kwa saa nyingi mno, sisi tulikuwa na mikono sita na mmoja ulishachoka. Nikasema tuiwekee joto kidogo ilainike, tuimimine kwenye trei ya barafu, itoke vipande kama vya dukani. Nikaweka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto. Ikalainika vizuri. Ikawa inateleza, inang'aa, nikajiona fundi.

Mdogo akaja kusaidia na kijiko alichotoka kukiosha.

Matone matatu ya maji, labda manne. Kufumba na kufumbua, uji wote ukakakamaa, ukawa donge kavu lenye punje, halikorogeki. Maji kidogo hulowanisha sukari, sukari inashikana, basi tena. Mtoto akaniangalia. Mimi nikaangalia donge. Kilo nzima ya mbegu za mama yangu, zilizovundikwa siku saba.

Sitawaficha, nilimfokea. Nilimfokea zaidi ya kosa lake.

Hapo ndipo Bibi Tanga, aliyekuwa kakaa sebuleni asubuhi nzima na ushungi wake akijifanya hamna linalomhusu, aliposimama mlangoni.

"Mbona mnamliza mtoto? Hebu nione." Akalibonyeza donge kwa mwiko. "Ala! Kumbe mmesonga ugali." Akacheka peke yake. Kisha: "Nazi zipo?"

Zilikuwapo mbili. Akakaa kwenye mbuzi, akakuna ya kwanza, akakamua tui zito, akalipasha moto, akalimimina kwenye donge taratibu huku anakoroga. Nilidhani ameharibu zaidi. Maji kidogo ndiyo adui. Yakizidi na kuwa na mafuta yake ndani, mambo yanageuka. Donge likalegea, likarudi kuwa laini, jeusi, linang'aa kuliko mwanzo. Mama akasogeza kigoda karibu.

"Hii sasa haigandi tena kwenye trei," Bibi Tanga akasema. "Hii ni kashata."

Na ugomvi ukaanza hapo. Bibi Tanga alitaka shira ya sukari nusu kilo. Mama akasema utaifunika kakao tena kama lile kopo. Bibi Tanga akasema kashata bila sukari ni dawa. Mama akasema yeye dawa anazijua, zimejaa kwenye mkoba wake.

"Mkwe, mimi kashata nimeziuza shuleni miaka kumi na miwili."

"Na mimi kakao nimeianika miaka thelathini, mkwe."

Baba watoto alipita, akasikiliza, akageuka akaenda kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Wakakubaliana robo kilo na kiganja kimoja, kiganja cha nani haikuelezwa. Shira ikachemka na iliki, nazi ya pili iliyokunwa ikaingia, kisha ule uji. Wakapokezana mwiko hadi ikaanza kuachia sufuria pembeni. Wakaimwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, Bibi Tanga akaisawazisha kwa mgongo wa upawa, akaikata mshazari ikiwa bado na moto. Umeme ukakatika wakati huohuo, kama kawaida, na kwa mara ya kwanza haikujalisha maana kashata haitaki friji.

Mama akaonja. Akafunga lile jicho zima.

"Haya," akasema. "Sasa ipo."

Zile punje punje zilizonikera kwenye chokoleti, ndani ya kashata huzisikii kabisa. Nazi nayo inatafunika, zinaendana. Mimi ningeongeza chumvi kidogo, lakini nani angenisikiliza. Jirani wa nyuma tulimpelekea sita kwenye sahani. Sahani imerudi na maembe.

Mdogo nilimwomba radhi jioni. Alikuwa uani anachimba. Amechukua mbegu moja kati ya zilizosalia kwenye fundo, ameipanda kwenye kopo la rangi, ameimwagilia kwa kijiko kilekile. Mbegu iliyovundikwa na kuanikwa imekufa, haiwezi kuota, na nilishafungua mdomo kumwambia. Mama akanikanyaga mguu.

"Ukiona imechelewa sana," akamwambia mjukuu wake, "mimi nikija tena nitakuletea tunda bichi zima, tupande nyingine pembeni iwe na mwenzake."

Mtoto ameandika tarehe ya leo kwenye kopo kwa kalamu ya dada yake, na amelisogeza kutoka juani, chini ya mgomba.